Kinyozi hajinyoi, hata akiwa mwalimu wa lugha

WAHENGA walinena kwamba kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Methali hiyo tulifundishwa shuleni, tukaikariri na kuiingiza kwenye insha ili tupate alama. Lakini ukitaka kuujua uzito wake, mngoje mtu wa nyumbani kwako aandike kitabu, kisha umwambie kuwa kabla ya kukipeleka kwenye matbaa yafaa amlipe mtu mwingine akisome na kukikosoa. Utaona uso ukikunjamana kama wa mtu aliyelamba ndimu.

Siku hizi wanaoandika ni wengi. Wastaafu wanaandika maisha yao, wachungaji wanaandika mahubiri yao, wanafunzi wa vyuo vikuu wanaandika tasnifu, na wafanyabiashara wanaandika mipango ya biashara ya kupeleka benki. Kompyuta zimeirahisisha kazi, na mtu binafsi anaweza kujichapishia nakala mia moja au mia mbili za kitabu chake bila kumbembeleza mchapishaji yeyote. Hilo ni jambo jema. Ila mchapishaji, pamoja na ubaya wake wote wa kuchelewesha majibu, ana mhariri ofisini mwake. Anayejichapishia mwenyewe hana. Lazima amtafute mhariri wa kujitegemea na kumlipa kutoka mfukoni, na hapo ndipo wengi hukwama. Huona ni afadhali pesa hizo ziongeze nakala.

Tuanze na karatasi za biashara, kwa kuwa hasara yake huonekana upesi. Sheria yetu ya ununuzi wa umma ya mwaka wa 2015, katika kifungu cha 82, inasema kuwa bei iliyoandikwa kwenye fomu ya zabuni ni ya mwisho. Haiwezi kusahihishwa, kuongezwa wala kupunguzwa na mtu yeyote. Sasa vifikirie vikundi vya vijana, akina mama na walemavu ambao wametengewa asilimia 30 ya zabuni za serikali. Wengi wao hujaza fomu hizo usiku wa kuamkia siku ya mwisho, watoto wakilia na stima ikipotea. Sufuri moja ikiponyoka kalamu, kikundi kitaikosa kazi, au kitaipata kisha kiifanye kwa hasara. Hakuna karani atakayewaonea huruma, hata akitaka, maana sheria imemfunga mikono. Mtu wa pili wa kuzisoma karatasi hizo kwa saa mbili angewagharimu pesa kidogo mno ukilinganisha na hasara hiyo.

Na si sufuri pekee. Kulikuwa na kampuni ya uhandisi mjini Cardiff, katika nchi ya Wales, iliyoitwa Taylor & Sons. Ilikuwa imedumu kwa zaidi ya miaka 100 na ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 250. Mnamo mwaka wa 2009, ofisi ya msajili wa makampuni ya Uingereza iliandika katika rekodi zake kuwa kampuni hiyo imefilisika. Kumbe iliyofilisika ilikuwa kampuni nyingine kabisa, Taylor & Son. Tofauti ilikuwa herufi moja tu, s. Rekodi ilisahihishwa baada ya siku chache, lakini habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Waliokuwa wakiwauzia bidhaa kwa mkopo walikataa kuendelea, wateja wakatoroka, na kampuni ikaanguka. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu ya huko iliamua kuwa ofisi ya msajili ilikuwa na lawama.

Hasara za namna hiyo huhesabika kwa pesa. Hasara ya kitabu ni ya namna nyingine, kwa maana kitabu hubeba jina la mtu, na jina likishapigwa chapa halirudi. Namfahamu mchungaji mmoja ambaye nakala 500 za kitabu chake ziko chini ya kitanda hadi leo, kwa sababu jina la kitabu lilikosewa kwenye jalada. Alipoenda kulalamika, mwenye matbaa alimwonyesha prufu iliyokuwa na sahihi yake mwenyewe ya kuidhinisha kazi. Mwenye matbaa hupiga chapa kile alicholetewa. Kukisoma si kazi yake.

Mimi niliyaona mambo haya kwa karibu kwa sababu ya baba yangu. Mzee alifundisha Kiswahili katika shule za msingi za Machakos kwa miaka 34, tangu 1971 hadi alipostaafu mwaka wa 2005. Mwaka wa 2020, shule na makanisa yalipofungwa kwa ajili ya korona, alinunua madaftari manne makubwa akaanza kuandika maisha yake. Alipomaliza, mpwa wangu alimpigia kazi yote kwenye kompyuta, ikawa maneno kama 60,000. Mzee alikuwa na akiba yake ya pesa za kahawa, nayo ilitosha nakala 300. Nilipotaja neno mhariri, alivua miwani akaniangalia.

"Mimi nimesahihisha insha za watoto wa nchi hii tangu wewe hujazaliwa," akasema. "Ni nani huyo atakayenisahihisha mimi?"

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Ni kweli kwamba Kiswahili anakijua, kuniliko mimi niliyesomea uandishi wa habari chuoni. Lakini mwalimu anaposahihisha insha huwa anasoma maneno ya mtu mwingine. Anapoyasoma ya kwake, jicho halisomi kilichoandikwa, linasoma kile ambacho akili inakumbuka kuwa ilitaka kuandika. Herufi ikikosekana, akili huijaza. Neno likirudiwa, akili huliruka. Ndiyo sababu hata sisi tunaokula kwa kalamu, hakuna makala yetu yanayoingia gazetini kabla ya kupitia mezani pa wahariri. Huko hukatwa, huulizwa maswali, na mara nyingine hurudishwa yaandikwe upya. Hatuna la kufanya ila kushukuru, ingawa shukrani yenyewe huja baada ya siku mbili au tatu.

Aliyeniokoa katika ubishi huo ni mama. Alikuwa ameketi kando akiusoma mswada kwa sauti ya chini, mara akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. Mzee alikuwa ameandika hivi: "Nilimwoa mama watoto badala ya mavuno ya kahawa ya mwaka wa 1977." Alitaka kusema baada ya mavuno. Alikuwa ameupitia ukurasa huo mara nne. Nayo kompyuta, ambayo hupiga mstari mwekundu chini ya kila jina la mtu, ilikuwa imenyamaza kimya, kwa kuwa "badala" ni neno sahihi kabisa la Kiswahili.

"Kwa hivyo mimi ni gunia ngapi?" mama akamwuliza.

Mzee akavaa miwani tena. "Haya, mtafute huyo mtu wako," akaniambia. "Lakini awe wa kusahihisha koma tu."

Kumtafuta si kazi rahisi kama nilivyodhani. Uhariri hauna leseni kama ile ya udaktari au uwakili, kwa hivyo yeyote mwenye simu na kompyuta anaweza kujiita mhariri. Wa kwanza niliyempigia hakuuliza kitabu kinahusu nini. Aliuliza kina kurasa ngapi, akataja bei ya chini, akaahidi kukirudisha kesho kutwa. Hebu tupige hesabu. Ukurasa wa mswada huhesabiwa kuwa maneno 250, kwa hivyo maneno 60,000 ni kurasa 240. Mhariri makini anayepitia sentensi kwa sentensi humaliza kurasa tano hadi kumi kwa saa, tena ikiwa mswada si mchafu. Hata akienda mbio, hizo ni saa 24 za kazi tupu, bila chai wala usingizi. Anayeahidi kesho kutwa hana nia ya kusoma.

Wa pili alikuwa na biashara ya kupiga chapa, akaniambia kuwa uhariri ni wa bure ukichapisha kwake. Nilimpa kurasa tano za kujaribu. Zikarudi vile vile, isipokuwa herufi kubwa alizoziongeza mwanzoni mwa kila neno lililomhusu Mungu. "Badala ya mavuno" ilikuwa palepale. Cha bure hicho kingetugharimu nakala 300.

Wa tatu alikuwa mama mmoja wa makamo ambaye aliwahi kufanya kazi kwa mchapishaji wa vitabu vya shule kwa miaka mingi, na sasa anafanyia kazi nyumbani kwake. Huyu, kabla ya kutaja bei, aliuliza maswali. Kitabu kimekusudiwa nani? Wajukuu watakisoma, au ni cha kuuzwa madukani? Mzee yuko tayari kuandika upya sehemu fulani, au anataka kibaki kilivyo? Kisha akahariri kurasa tano ili tuone mkono wake. Mzee alizipokea kurasa hizo kama mwanafunzi anayepokea karatasi ya mtihani. Alizisoma mara mbili, akatafuta kosa ndani ya masahihisho yenyewe, hakulipata. "Huyu amesoma," akasema.

Kwa mama huyo ndiko nilikojifunza kuwa uhariri ni kazi tatu tofauti, na kwamba ugomvi mwingi kati ya waandishi na wahariri hutokana na kutojua ni ipi inayolipiwa. Kazi ya kwanza ni kukitazama kitabu chote kama nyumba, kuona kama milango iko mahali pake na kama kuna chumba kilichosahauliwa dirisha. Ya pili ni kupita sentensi kwa sentensi, kunyoosha lugha, kulinganisha majina na tarehe, na kuhakikisha kuwa mtu aliyeitwa Musyoka katika sura ya pili haitwi Musyoki katika sura ya saba. Ya tatu ni kusoma prufu baada ya kurasa kupangwa, kutafuta makosa madogo yaliyobaki. Hiyo ya tatu ndiyo ya bei nafuu, na ndiyo ambayo watu wengi huiomba wakitumaini kwamba itafanya kazi ya zile mbili. Haiwezi. Nyumba ikiwa imeinama, kuipaka rangi hakuinyooshi.

Tulikubaliana kazi mbili za kwanza kwa shilingi 200 kila ukurasa, jumla shilingi 48,000, zilipwe kwa mafungu matatu: la kwanza wakati wa kuanza, la pili nusu ya kitabu ikiwa tayari, la mwisho kazi ikikamilika. Bei si amri ya Mungu. Wengine hutoza kwa neno, wengine kwa saa, na mswada mchafu hugharimu zaidi. La muhimu ni kwamba tuliyaandika yote kwenye karatasi moja, pande mbili zikatia sahihi: kurasa ngapi, kazi gani, tarehe gani, mswada utapitiwa mara ngapi, na kwamba hakimiliki inabaki kwa mwandishi. Aidha mhariri aliahidi kutomwonyesha mtu mwingine mswada huo. Tena aliuhariri kwa namna ambayo kila badiliko lilionekana kwenye kompyuta, ili mzee alikubali au alikatae moja baada ya jingine. Mwandishi asiyeonyeshwa kilichobadilishwa amenyang'anywa kitabu chake.

Wiki sita baadaye mswada ulirudi. Koma zilisahihishwa, mavuno yakarudi mahali pake. Lakini kando ya ukurasa wa 71 mama mhariri alikuwa ameandika hivi: "Mwalimu, katika sura ya tatu kaka yako aliacha masomo akaenda kukata katani ili wewe upate karo ya chuo cha ualimu. Baada ya hapo haonekani tena kitabuni. Yuko wapi?"

Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kuliuliza swali hilo. Baba mkubwa aligombana na baba kwa sababu ya mpaka wa shamba nilipokuwa sijazaliwa bado. Hawakusalimiana tena hadi baba mkubwa alipofariki mwaka wa 1996. Sisi watoto tulijua kuwa kuna jina lisilotajwa wakati wa chakula. Binamu zetu tuliwaona sokoni, tukapita.

Mzee alikasirika ajabu. "Huyo mama nimemlipa atafute koma," akasema, "naye ameanza kutafuta makaburi!" Alitaka pesa zake zirudishwe. Nilimpigia mhariri kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa upole: "Mwambie Mwalimu anaweza kuacha kama ilivyo. Kitabu ni chake. Kazi yangu ni kumwambia mapema kile ambacho msomaji atauliza."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Mwandishi Mmarekani Harper Lee alipopeleka mswada wake wa kwanza kwa wachapishaji Lippincott miaka ya 1950, mhariri Tay Hohoff aliona kuwa uhai wake ulikuwa katika kumbukumbu za utotoni, si katika hadithi ya ukubwani ambayo mwandishi alikuwa ameitanguliza. Lee aliandika upya kwa zaidi ya miaka miwili. Mwaka wa 1960 kikatoka kitabu cha To Kill a Mockingbird, ambacho husomwa hadi leo shuleni. Ule mswada wa awali ulichapishwa mwaka wa 2015 kwa jina la Go Set a Watchman, na anayetaka kujua kazi ya mhariri anaweza kuvisoma vitabu hivyo viwili akalinganisha. Hapa kwetu, marehemu Ngugi wa Thiong'o alipokuwa mwanafunzi wa Makerere mwaka wa 1962, alimpa Chinua Achebe mswada wa Weep Not, Child ausome, Achebe akaufikisha kwa wachapishaji Heinemann. Kilitoka mwaka wa 1964. Ikiwa hao walihitaji jicho la mtu wa pili, sisi ni akina nani?

Sikumwambia mzee hayo. Mzazi hahubiriwi. Nilimwachia mswada mezani nikarudi Nairobi.

Baada ya wiki tatu mama alinipigia simu akasema kuwa taa ya sebuleni inawaka hadi saa sita za usiku. Nilipoenda tena, mzee alinikabidhi bahasha. Ndani mlikuwa na kurasa 11 zilizoandikwa kwa mkono. Alikuwa ameandika juu ya katani na mikono ya kaka yake iliyopasuka, juu ya karo iliyoletwa ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, juu ya mpaka wa shamba, na juu ya hospitali ambayo hakwenda kumwona ndugu yake ingawa matatu zilipita mlangoni kila siku. Hakujitetea. Mhariri alizirudisha kurasa hizo zikiwa na masahihisho mawili tu, yote mawili ya koma.

Kabla ya kwenda kwenye matbaa, mzee alifanya jambo ambalo halikuwa kwenye mkataba. Alizichukua kurasa zile akaenda kwa mama mkubwa, mjane wa kaka yake, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Binamu yangu akazisoma kwa sauti huku mama mkubwa akisikiliza, mikono juu ya fimbo yake. Aliposikia yote alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba mti wa mpakani ulikuwa mkuyu, si mwembe, na kwamba ugomvi ulikuwa mwaka wa 1987, si 1988. "Rekebisha hayo," akamwambia shemeji yake. "Halafu kichapishwe."

Nakala 300 zilitoka mwezi wa Desemba 2022. Zimebaki chache. Sura ambayo watu humwuliza mzee habari zake kanisani si ya kahawa wala ya shule, ni ile ya kurasa 11.

Kwa hivyo, msomaji, ukiwa na mswada kabatini, au mpango wa biashara unaopelekwa benki Jumatatu, tenga fungu la mhariri kabla ya kuhesabu nakala. Mwombe akuhariri kurasa chache kwanza. Andikianeni. Nawe mwanafunzi wa chuo kikuu, kiulize chuo chako kinaruhusu nini, kwa kuwa kunyooshewa lugha ni jambo moja na kuandikiwa tasnifu ni udanganyifu. Na mhariri akikuuliza swali linalokuudhi, usimjibu siku hiyo. Weka karatasi mezani, uzime simu, ulale nalo. Huenda ni swali ambalo wa nyumbani kwako wamekuwa wakiogopa kukuuliza.